Kuwaka Si Kupona: Ujana na Uzoefu kwa Wapenzi wa Kompyuta wa Same

Mkazi wa Same mjini ambaye kompyuta yake imegoma hana haja ya kusafiri hadi Moshi. Ataipeleka steshenari, au kwa fundi simu, au kwa kijana wa jirani ambaye mtaa mzima unasema kwamba "hizo mashine anaziweza". Kijana huyo mara nyingi hakuzisomea darasani. Amejifunza kwa kufungua na kufunga, kwa kutazama video bando linaporuhusu, na kwa kuulizana na wenzake kwenye kundi la WhatsApp. Alizipenda kompyuta kabla hajawa fundi, na malipo, yakiwepo, yalikuja baadaye. Vijana wa namna hiyo utawakuta Hedaru na Makanya kando ya barabara kuu, utawakuta Ndungu na Gonja upande wa pili wa milima, na utawakuta hata juu kabisa, ambako laptopu ya mwalimu mmoja hutegemewa na shule nzima.

Wakubwa wanawalalamikia: dogo anakurupuka, haulizi, anajifanya anajua. Vijana nao wana lao: wakubwa wamepitwa na wakati, kila jambo kwao ni "usiguse". Kila upande una mifano yake, na ndiyo sababu mabishano hayo hayaishi.

Naamini pande zote mbili zinatafuta chanzo mahali kisipokuwepo. Kijana kujiamini kupita uwezo wake hakutokani hasa na umri wala malezi. Kunatokana na tabia ya kompyuta yenyewe: humpa mtu jibu la haraka anapofanikiwa, na jibu la kuchelewa anapoharibu. Anayesikia mafanikio yake papo hapo, na makosa yake baada ya miezi au asiyasikie kabisa, atajiona bingwa, awe na miaka 18 au 60. Hili likieleweka, tutaacha kulaumu ujana na tutaanza kushughulikia ule ucheleweshaji.

Ushindi wa dakika tano

Tuseme mwalimu wa sekondari ameteremka kutoka milimani na flashi yenye mitihani ya muhula. Kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Kijana akiitazama anasema mara moja: "Virusi hivi, mwalimu." Yuko sahihi. Anaiformati flashi, na katika dakika tano imerudi kuwa safi kama mpya. Mwalimu anashukuru, analipa, anaondoka. Anapoketi jioni kutafuta mitihani yake ndipo anagundua kwamba hakuna kitu.

Cha kusikitisha ni kwamba virusi vya aina hiyo kwa kawaida havifuti mafaili. Huyaficha tu, kisha huweka njia za mkato mahali pake ili mtu akibofya avisambaze. Mwenye uzoefu huanza kwa kuyafichua mafaili, ambako ni kazi ya amri ya mstari mmoja. Akishayanakili mahali salama, ndipo husafisha. Kijana na mkongwe wameujua ugonjwa uleule. Wametofautiana katika mpangilio wa hatua: mmoja ameanza na ile isiyorudishika, mwingine ameiacha iwe ya mwisho.

Mfano wa pili ni wa kompyuta ya mezani ya mtumba. Mwenyewe analalamika kwamba kila tovuti anayofungua inamtolea onyo la usalama na kumkatalia. Kijana anaamua kwamba Windows imeharibika, anapiga window upya, anarekebisha tarehe wakati wa kumalizia, na kila kitu kinafunguka. Siku chache baadaye umeme unakatika, na ugonjwa unarudi uleule. Mkongwe angetazama kwanza saa iliyo pembeni mwa kioo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko miaka kumi na tano nyuma itavikataa vyote. Na imesahau tarehe kwa sababu betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, ile ya CR2032 yenye volti 3, imekwisha. Dawa yake ni betri mpya, wala mafaili ya mteja hayakuhitaji kuguswa.

Sasa linganisha na kosa la tatu. Kompyuta nyingi za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, yenye alama mbili: 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huweza kufika ikiwa imewekwa 115, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka hivyo, kinachofuata ni mlio, moshi na harufu ya kuungua. Aliyeunguza moja kwa njia hiyo huizungusha kila mashine ya mezani na kutazama nyuma kabla ya kugusa waya. Hakuhitaji kukaripiwa na mtu wala kuhudhuria semina. Jibu lilikuja palepale, likaeleweka, likakaa.

Kijana aliyejifunza swichi kwa siku moja si mjinga wala mkaidi. Ni yuleyule ambaye ameformati flashi tano bila kujifunza lolote, kwa sababu wenye zile flashi hawakurudi kumweleza. Mteja aliyeumia haji kugombana, anahamia kwa fundi mwingine. Hali ya nchi tambarare ya Same inalikuza tatizo hilo. Milima ya Upare huzuia sehemu kubwa ya mvua, na uwanda ulio magharibi yake ni mkavu, wenye joto na vumbi jingi. Feni iliyorudishwa bila kusafishwa itazunguka vizuri siku ya kukabidhi mashine, lakini baada ya miezi vumbi litashikamana, joto litapanda, na kompyuta itakufa mbele ya mtu ambaye hatakumbuka ni nani aliyeifungua mara ya mwisho. Katika kichwa cha kijana, hesabu inasomeka: mashine zote ziliwaka. Na kweli ziliwaka. Kuwaka na kupona ni mambo mawili, ila yeye ameonyeshwa moja tu.

Kujua kidogo kunavyovimba

Jambo hili limechunguzwa na wanasaikolojia. Mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio ambayo yamekuwa maarufu. Waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, sarufi na mengineyo, kisha wakawauliza kila mmoja anadhani yuko wapi akilinganishwa na wenzake. Walioshika robo ya mwisho walikuwa kwa wastani kwenye nafasi ya 12 kati ya 100 kutoka chini. Wao walijiweka nafasi ya 62. Wataalamu wa takwimu wamebishana kwa miaka kuhusu sehemu gani ya pengo hilo ni saikolojia na sehemu gani ni hesabu tu, lakini jambo la msingi linajulikana kwa yeyote aliyewahi kufundisha: ujuzi unaohitajika ili ufanye kazi vizuri ndio uleule unaohitajika ili ujue kwamba umeifanya vibaya.

Utafiti unaotufaa zaidi ni wa mwaka 2018, wa Carmen Sanchez na huyohuyo Dunning. Waliwafuata watu wanaoanza kujifunza kazi mpya na kupima kujiamini kwao hatua kwa hatua. Waliokuwa hawajui kitu kabisa hawakujivuna, bali walikuwa waangalifu. Baada ya kujaribu mara chache tu, kujiamini kwao kukaruka juu na kuuacha ujuzi wao mbali nyuma. Hatari, basi, haiko siku ya kwanza. Inakuja mtu anapokuwa ameona mifano michache, ameunda kanuni yake kichwani, na kanuni hiyo imemjibu vizuri mara mbili tatu. Huo hasa ndio umri wa kiufundi wa vijana wengi wanaofungua mashine Same: wameshavuka woga, lakini hawajakutana na mashine ya kuwavunja moyo.

Vijana wawili, ujasiri mmoja

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Cornell aitwaye Robert Tappan Morris, aliyekuwa hajatimiza miaka 23, aliachia kwenye intaneti ya wakati huo programu inayojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Aliiachia kupitia mashine ya chuo cha MIT ili isijulikane ilikotoka. Programu ilikuwa iulize kila kompyuta kama imeshaingiwa, na ikijibiwa ndiyo, iondoke. Morris alihofu kwamba wasimamizi wangetega mashine zao zijibu ndiyo kwa uongo, kwa hiyo akaamuru kwamba mara moja katika kila saba iingie hata hivyo. Moja kati ya saba ilionekana ndogo. Haikuwa ndogo. Kompyuta ziliingiwa tena na tena hadi zikaelemewa. Makadirio yaliyotumika sana yalisema mashine kama 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye mtandao ziliathirika. Mwaka 1990 mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini. Baadaye akawa profesa palepale MIT. Akili haikuwa tatizo lake.

Miaka mitatu hivi baada ya tukio la Morris, tarehe 25 Agosti 1991, kijana wa miaka 21 wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake kama jambo la kujifurahisha tu. Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam na mwandishi wa mfumo wa MINIX ambao Torvalds alijifunzia, aliandika hadharani kwamba muundo wa Linux, mfumo huo wa Torvalds, umepitwa na wakati. Torvalds alimjibu kwa ukali ambao kwetu ungeitwa utovu wa adabu. Hoja za profesa kuhusu muundo zilikuwa na uzito wa kitaaluma, lakini historia ilimpa kijana nafasi kubwa: kiini cha Linux ndicho kilicho ndani ya Android, na kwa hiyo ndani ya simu nyingi zinazochajiwa usiku huu kutoka Same mjini hadi Bombo.

Vijana hawa wawili walikuwa na ujasiri wa kiwango kimoja. Wote walijaribu jambo lililozidi umri wao. Tofauti iliyoamua hatima ya kazi zao ni kwamba Torvalds aliweka kazi yake hadharani ikiwa bado mbichi, na watu wa nchi nyingi wakamwonyesha makosa ndani ya siku chache. Morris aliificha kazi yake hadi ilipokuwa haizuiliki tena, kwa hiyo jibu la kwanza alilolipata lilikuwa maafa. Ukimwona kijana jasiri, kabla ya kumtuliza, uliza ni nani anayeiona kazi yake kabla haijafika kwa mteja.

Uzoefu nao huchakaa

Wakongwe nao wasijione wameachwa salama. Chukua usemi ambao mafundi wengi wa zamani wanaushikilia: kilichofutwa kinarudi. Kwa diski zenye sahani zinazozunguka ni kweli kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa faili likifutwa mfumo huweka alama tu kwamba nafasi yake iko wazi, na maandishi hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake. Lakini kwenye diski za SSD, ambazo hazina sehemu inayozunguka, mfumo huiarifu diski mara faili linapofutwa, na diski yenyewe husafisha nafasi hiyo kwa wakati wake. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini anayemwambia mteja "usijali, tutayarudisha" anaweza kuwa anaahidi kisichokuwepo tena. Anakosea kwa sababu ileile ya kijana: kanuni yake ilimjibu vizuri kwa muda mrefu, na habari kwamba imekufa haijamfikia.

Kuna pia jambo la historia ya nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilifika katika nchi changa yenye wataalamu wachache mno wa kuiendesha, na kuweka hesabu za serikali kwenye mashine kulizaa matatizo na hasara. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na mlango haukufunguka sawasawa hadi miaka ya 1990. Huduma ya intaneti ya kibiashara ilianza mwaka 1996, na mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo kile kizazi ambacho kingekuwa leo na miaka hamsini ya kucheza na kompyuta nyumbani, sisi hatunacho. Mkongwe wa kompyuta wa Same huenda ana miaka arobaini tu. Mzee anayestahili shikamoo ya kijana huenda amekuja kwa kijana huyohuyo kuonyeshwa namna ya kufungua barua pepe. Heshima inabaki kuwa yake, na haipunguzwi na hilo. Ila katika fani hii umri haumwambii mtu nani ajuaye, na kuulazimisha useme hivyo kunawafanya vijana wadharau hata ushauri mzuri.

Mfano upo mbele yetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulifikia kikomo. Windows 11 inadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na mashine nyingi za mtumba hazina sifa hizo. Mkongwe anajua hatari ya kuendelea kutumia mfumo usiopata masahihisho, maana aliyaona hayo Windows XP ilipokoma mwaka 2014. Kijana ndiye ambaye ameshajaribu kuweka Linux kwenye laptopu ya zamani na anajua ni ipi inayokubali na printa gani inagoma. Hakuna kati yao mwenye jibu zima.

Tunachoweza kujifunza kutoka kwa ndiva

Upareni kuna utaratibu wa zamani unaojibu, vizuri kuliko kitabu chochote cha kompyuta, swali la namna ya kumfikishia mtu habari za kosa lake mapema. Ni ndiva, yale mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba yaliyojengwa kwenye miteremko, kama ndiva ya Manoo ambayo inahudumia mashamba ya Bangalala. Maji ya mfereji hukusanywa usiku, ndiva hufunguliwa mchana, na wakulima hugawana kwa zamu. Ukarabati hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kijana na mzee hushika jembe bega kwa bega.

Kinachoifanya ndiva iwe shule ni kwamba kosa halina pa kujificha. Aliyeziba vibaya jana usiku, leo asubuhi ndiva haijajaa, na kila mwenye zamu anaona. Aliyechukua maji kupita zamu yake, shamba la jirani linamsema. Kijana hahitaji miaka ishirini ili ajue kwamba alikosea. Anajua kabla ya saa sita mchana, akiwa bado anakumbuka alichofanya, na aliyesimama karibu naye anaweza kumweleza kwa nini. Wazee wanaosimamia maji nao hupimwa hivyohivyo, kwa sababu ugawaji mbaya huonekana mashambani.

Wapenzi wa kompyuta wanaweza kujijengea jambo la namna hiyo bila mradi wala mfadhili. La kwanza ni daftari. Kila mashine iandikwe: ilikuja na shida gani, kilifanywa nini, nani alifanya. Baada ya mwezi mteja apigiwe simu na aulizwe mashine inaendeleaje. Simu hiyo ya dakika mbili ndiyo inayolirudisha jibu lililopotea. Kijana akisikia mara tatu kwamba kazi yake ilirudi kuharibika, atajirekebisha kwa namna ambayo maonyo kumi hayawezi.

La pili ni kuweka nakala kabla ya kugusa chochote, na kuanza na hatua zinazorudishika. Hii si kanuni ya waoga. Inampa kijana uhuru zaidi wa kujaribu, kwa kuwa akikosea anarudi alikoanzia. Ujasiri wake wote uelekezwe kwenye mashine mbovu zisizo na mafaili ya mtu. Hizo zipo tele kwenye stoo za shule na ofisi, na kwa ruhusa ya wenyewe zinaweza kuwa uwanja wa kufungua, kuunguza na kuelewa.

La tatu ni deni la wakubwa: kutoa sababu pamoja na katazo. "Usifungue diski" ni amri, na kijana mwenye bisibisi ataijaribu. "Usifungue diski, kwa sababu kichwa chake kinaelea juu ya sahani kwa pengo dogo kuliko punje ya vumbi, na vumbi la Same litaikwaruza" ni elimu. Sababu ina faida nyingine pia: inaweza kupimwa. Kijana akiuliza, "Kaka, na kama ni SSD isiyo na kichwa wala sahani?", hajakosa adabu. Amesaidia kuonyesha kanuni inaishia wapi, na mkongwe mwema atalipokea swali hilo kwa furaha.

La nne ni kundi lenyewe kubadili kinachosifiwa. Leo kwenye makundi mengi anayepigiwa makofi ni aliyetuma picha ya mashine ikiwaka. Apigiwe makofi pia aliyeeleza wazi alivyopoteza data za mtu na angefanyaje tena, maana mmoja akisema hivyo, wenzake ishirini wamepata uzoefu ambao hawakuulipia.

Vijana wa Same hawana upungufu wa akili wala wa bidii, na wakubwa wao hawana upungufu wa nia njema. Kinachokosekana ni habari za kilichotokea baada ya mteja kuondoka. Ndiyo maana ningependa kila mwenye bisibisi Same, kabla hajaambiwa ni mdogo au ni mkubwa, aulizwe swali moja: mashine uliyoitengeneza miezi mitatu iliyopita, leo ina hali gani? Anayeweza kujibu kwa ushahidi ana uzoefu, hata kama ana miaka 17. Asiyeweza, hata awe na mvi, bado anabahatisha, na asiguse mafaili ya mtu hadi atakapokuwa na jibu.